Dramu za Mtu Tusiyemjua

Kama ulipita mtaani kwetu Nakuru likizo ya Desemba mwaka wa 2024, mnamo saa nne za usiku, ukasikia sauti ya mtu akiimba kana kwamba amezikwa angali hai, basi ondoa hofu. Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejifunika blanketi mbili, kichwa nimekitia kabatini katikati ya makoti ya mama, kipaza sauti cha shilingi mia nane nimekifunga kwa soksi kwenye mpini wa ufagio, na jasho linanitiririka kama maji ya mfereji. Tulikuwa tunarekodi wimbo wa roki. Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike jinsi tulivyofanya, nami nikakubali haraka haraka kabla sijakumbuka kwamba hadithi yenyewe ina mahali ambapo mimi si shujaa hata kidogo.

Tulikuwa watatu. Mmoja wetu hupiga gitaa la umeme alilopewa na mjomba wake. Mimi huimba, na besi huwa naijaribu. Wa tatu alikuwa mpiga dramu, kijana aliyejifunzia kanisani kwao tangu akiwa darasa la sita, na ambaye hata darasani vidole vyake havikutulia juu ya dawati. Walimu waliomfundisha kidato cha pili watamkumbuka kwa hilo. Jina lake sitalitaja. Ameniruhusu niandike habari hii, lakini jina amenikatalia.

Muhula wa tatu mwaka huo wa 2024 alitumwa nyumbani kuleta karo. Hakurudi. Baba yake alikuwa amefutwa kazi miezi kadhaa nyuma, na kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka tukasikia ati familia nzima imehamia kwa nyanya yake, Kakamega. Dramu zilibaki kanisani, maana zilikuwa za kanisa. Sisi tulibaki na gitaa moja, sauti moja na wimbo ambao ulikuwa nusu.

Sasa sikiliza jaribu lilivyotujia. Mjomba wangu aliwahi kuwa na saiba mjini. Alipoifunga, tarakilishi moja kuukuu ililetwa kwetu ikawekwa chini ya meza na kufunikwa kwa leso. Ni ile ya Windows XP, yenye kelele kama posho mili. Siku moja nilipoiwasha ili nicheze michezo, nilikuta ndani yake programu iitwayo ACID Music Studio. Jina lenyewe lilinitisha kidogo, nikadhani ni virusi. Kumbe ni programu ya kutengenezea muziki! Ile ACID ya kwanza ilitolewa mwaka wa 1998 na kampuni ya Sonic Foundry ya huko Marekani. Mwaka wa 2003 ikanunuliwa na Sony, na mwaka wa 2016 ikaangukia mikononi mwa Magix ya Ujerumani. Hii yetu ilikuwa ya siku za Sony.

Ndani ya programu hiyo mna vipande vifupi vifupi vya muziki vilivyokwisha kurekodiwa: dramu, besi, magitaa, hata tarumbeta. Kila kipande huitwa lupu, maana kimekatwa barabara kiasi kwamba mwisho wake hukutana na mwanzo wake, na ukikirudia mara mia huwezi kuona pa kuungia. Unachagua lupu, unashika kipanya, unaipaka kwenye skrini kama mtu anayepaka ukuta rangi. Unavyozidi kuvuta, ndivyo inavyozidi kujirudia. Jambo lililowashangaza watu mwaka ule wa 1998 ni kwamba lupu iliyopigwa polepole na nyingine iliyopigwa mbio zilikubali kwenda pamoja, programu ikizinyoosha au kuzifupisha bila sauti kupanda wala kushuka. Ukanda wa kaseti hauwezi hivyo. Ukiuharakisha, mwimbaji hugeuka panya.

Katika orodha ile nikakuta dramu za roki. Nikabonyeza. Salaala! Nyumba ilitetemeka. Nilimpigia mwenzangu wa gitaa simu papo hapo nikamwambia, "Bwana, tumepata mpiga dramu."

Jioni hiyo hiyo yule wa Kakamega akanipigia, kama alivyozoea kila Jumamosi. Akauliza kuhusu wimbo. "Na dramu mnafanyaje?"

"Tunakungoja wewe," nikamwambia.

Hapo ndipo mahali nilipokuwa nikisema. Sijui kwa nini nilidanganya. Pengine niliona kwamba kumwambia ukweli ni kama kumjulisha kuwa kitanda chake kimepewa mtu mwingine ilhali bado hajaondoa shuka.

Basi tukaanza kazi. Wimbo tuliupangia mapigo 120 kwa dakika, yaani kila pigo nusu sekunde, na mapigo manne ambayo hufanya kipimo kimoja huchukua sekunde mbili. Vipimo vyote vilikuwa 92, kwa hiyo wimbo ulichukua dakika tatu na sekunde nne. Siku ya kwanza nilipaka lupu moja ya dramu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikajiona fundi. Tulipousikiliza mara ya tatu tukaanza kupiga miayo. Mpiga dramu wa kweli wa roki hapigi beti na kiitikio sawasawa. Akikaribia kiitikio huzungusha mikono kwenye ngoma zote, halafu hupiga tasa kubwa kwa nguvu na kila mtu akajua kwamba mlango umefunguliwa. Ikabidi tuikate lupu vipande, tubandike lupu nyingine kwenye kiitikio, na kila baada ya vipimo vinane tutie mzunguko mfupi. Kazi hiyo ilituchukua siku nne. Mwenzetu angeifanya kwa dakika tatu na sekunde nne.

Gitaa nalo lilikuwa na vituko vyake. Tulilichomeka moja kwa moja kwenye tarakilishi, likatoa sauti nyembamba kama ya nzi ndani ya chupa. Tukaazima kipedali cha kukwaruzisha sauti, tukakiunganisha na wufa ya sebuleni, ile ya kutazamia mechi, tukaifungulia hadi ikaanza kulia kama simba mwenye mafua, kisha tukaiwekea kipaza sauti mbele yake umbali wa shibri moja. Hiyo ndiyo sauti mtakayoisikia. Kuna jambo moja tulilojifunza kwa jasho, nanyi mnaotaka kujaribu mlishike: ili gitaa lisikike pana, kushoto na kulia, usichukue rekodi moja ukainakili. Ukiiweka nakala ile ile pande zote mbili, sikio huisikia katikati tu, ila kwa sauti kubwa zaidi. Ni lazima mpigaji apige mara mbili. Tofauti ndogo ndogo za mkono wake, hapa amewahi kidogo, pale amechelewa, ndizo zinazoupanua wimbo.

Halafu kulikuwa na tatizo la kuchelewa. Tarakilishi ile kuukuu ilikuwa ikipokea sauti, inaitafakari kwanza, ndipo inaiandika. Gitaa lililopigwa sawa sawa lilitokea nyuma ya dramu kama mtu aliyeachwa na matatu. Mwanzoni tulilaumiana. Baadaye tuligundua kwamba lilichelewa kiasi kile kile kila mara, tukawa tunalivuta mbele kwa kipanya hadi likalingana.

Mama hakupendezwa na jambo lolote katika hayo. "Huu muziki wa kizungu wa mashetani mmeutoa wapi?" aliuliza. Nilimweleza kwamba roki ilizaliwa na watu weusi wa Marekani. Nikamweleza habari za Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyerekodi nyimbo za kumsifu Mungu tangu mwaka wa 1938 na akazipiga kwa gitaa la umeme hata waliomfuata, akina Chuck Berry na Elvis Presley, wakafaidi kwake. Mama alinyamaza kidogo. "Huyo alikuwa anamwimbia Mungu," akasema. "Wewe unamwimbia nani?" Sikuwa na jibu ambalo ningeweza kumpa.

Maana wimbo wenyewe ulikuwa unamhusu yule rafiki. Niliuandika usiku mmoja wa Novemba. Na hapa ndipo Kiswahili kilipotutoa jasho kuliko mashine. Mnavyojua, Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Nyimbo za roki tulizozoea ni za Kiingereza, lugha yenye maneno mengi ya silabi moja, na mwimbaji hupenda kuangusha neno la mwisho kwenye pigo zito. Nilipoiga mtindo huo nikajikuta naimba "kitupú" na "zimelalá," kama mtalii aliyeshuka Mombasa asubuhi hiyo. Mwenzangu wa gitaa alicheka hadi akakaa chini. Nikaenda kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, nikamwonyesha. Aliusoma, akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akasema, "Kijana, mbona unahangaika? Andika mizani nane."

Kweli kabisa! Kipimo kimoja cha mapigo manne kina nafasi nane ukikigawa nusu nusu. Mshororo wa mizani nane kwa nane wa mashairi yetu unaingia katika vipimo viwili bila kubaki wala kupungua. Nikaandika upya:

Kiti chako ki kitupu, ngoma zako zimelala.

Hesabu mwenyewe. Mkazo wa "tupu" na mkazo wa "lala" unaangukia pigo la nne, na silabi ya mwisho inashuka yenyewe polepole baada yake. Nilifurahi siku hiyo kama aliyeokota dhahabu. Ni sasa tu ninapoandika ndipo naona kichekesho chake: nilikuwa nikiimba kwamba kiti ni kitupu, ilhali nyuma yangu kuna mtu anapiga dramu kwa nguvu zake zote.

Sauti nilirekodi usiku, kwa kuwa mchana haikuwezekana. Mchana kuna fundi wa jua kali anayegonga mabati, kuna majogoo, kuna na yule mnunuzi wa vyuma vikuukuu mwenye kipaza sauti cha mkononi. Ubeti wa pili tuliurekodi vizuri sana saa tisa mchana, na katikati yake, wazi wazi, mtu anauliza kama tuna betri mbovu. Blanketi na makoti yalisaidia kwa sababu chumba kitupu hurudisha sauti kutoka ukutani, na mwangwi huo ukishaingia kwenye rekodi ni vigumu kuuondoa. Ni afadhali urekodi sauti kavu, kisha umwombe fundi, yaani programu, akutilie mwangwi wa kiasi upendacho.

Kuchanganya sauti kulichukua wiki moja. Kila mmoja alitaka chombo chake kisikike zaidi. Gitaa likipanda, mimi napanda. Nikipanda, dramu zinapanda. Mwishowe taa nyekundu inawaka, sauti inapasuka, na tunarudi chini kuanza upya. Dawa ilikuwa kupunguza badala ya kuongeza. Tulipoondoa uzito wa chini kwenye magitaa, besi ilipata pa kukaa, na wote tukasikika bila kupandishwa hata kidogo. Kila tulipodhani tumemaliza, tulihamisha wimbo kwenye simu tukausikiliza kwa redio ndogo ya jikoni, maana kile kinachonguruma kwenye wufa hupotea kabisa kwenye spika ya upana wa kisoda.

Mwaka mpya wa 2025 ukaingia, shule zikafunguliwa. Mwenzangu, kwa furaha, akautuma wimbo kwa marafiki kwenye simu. Mmoja akautuma kwa mwingine. Mnajua mambo ya simu. Mwezi wa Februari ulipoanza, zile simu za Jumamosi zilizokuwa zikija kupitia kwa mama hazikuja tena. Sikuuliza. Nilijua.

Aprili, likizoni, akatokea mlangoni kwetu. Alikuwa ameandamana na shangazi yake aliyekuja mjini kwa shughuli zake, na walikuwa na basi la jioni la kurudi. Alikuwa amekonda na amerefuka. Tukasalimiana kama watu wanaofanya mahojiano ya kazi. Mama akamletea chai. Baada ya muda akasema, "Nichezee."

Nikauwasha wimbo. Alisikiliza wote, kichwa amekiinamisha, vidole vimetulia juu ya goti. Vidole vyake, msomaji! Sijawahi kuviona vimetulia namna ile. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni tarakilishi," nikasema.

"Hapana. Huyu ni mtu. Hapo kwenye beti la pili anachelewesha mguu kidogo, ni mtu huyo. Anaitwa nani?"

Sikujua. Sijui hadi leo. Nilikuwa nimemtumia mtu huyo miezi minne na wala sikuwahi kuwaza kwamba siku moja, mahali fulani, aliketi, akarekebisha kiti chake, akapiga. Nikaanza kubwabwaja ili nijitetee. Nikamwambia kwamba hata Bee Gees walipokuwa wakirekodi "Stayin' Alive" kule Ufaransa mwaka wa 1977, mpiga dramu wao aliitwa nyumbani kwa ajili ya mambo ya familia, wakakata vipimo viwili vya dramu zake kwenye ukanda wa wimbo mwingine, wakaufunga ukanda huo kama pete ukawa unazunguka tu.

"Walitumia mkono wa nani?" akaniuliza.

"Wake."

"Basi."

Nikanyamaza. Yeye ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya chini. Alisema hakukasirikia mashine. Alisema, "Uliniambia mnaningoja. Nilikuwa nikifanya mazoezi kwa viti vya nyanya kila jioni, mpaka nyanya akadhani nina maradhi. Ungeniambia tu." Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alitazama saa, kisha akasema, "Iwashe hiyo kitu. Nina saa moja na nusu. Mna ngoma gani?"

Hatukuwa na ngoma yoyote. Tulikuwa na jikoni ya mama. Mtungi wa plastiki wa lita ishirini ukawa ngoma kubwa, akiupiga mdomoni kwa ndara. Sinia la bati lililowekewa fungu la funguo juu yake likawa ngoma ndogo. Vifuniko viwili vya sufuria vikawa matasa, na fimbo zikawa miiko. Mama aliingia, akatazama, akashika kiuno. "Sufuria zangu!" Kisha akamwona aliyeketi katikati ya vyombo, akageuka akaenda zake bila neno, na kuufunga mlango taratibu ili kelele za nje zisiingie.

Alivaa spika za masikioni apate kusikia gitaa. Mara ya kwanza alianza vibaya, akacheka. Mara ya pili alipiga vipimo vinne vya beti, safi kabisa. Mara ya tatu alipiga mzunguko wa kuingilia kiitikio. Mara ya nne alikuwa ndiyo kwanza anaingia kwenye kiitikio chenyewe, mwiko uko juu hewani, stima ikapotea. Mtaa mzima, zii! Tuliketi gizani tukingoja hadi saa ya basi ikafika. Nilimsindikiza hadi stejini. Tulizungumza habari za shule tu, nani amekuwa kiranja, nani amehama.

Stima iliporudi usiku, niliiwasha tarakilishi huku moyo ukinidunda. Mpangilio wote wa siku hiyo ulikuwa umepotea kwa kuwa sikuuhifadhi, nami nastahili viboko kwa hilo. Lakini rekodi zilizokwisha kumalizika zilikuwepo kwenye diski, moja moja, tatu kwa jumla: kicheko, beti na mzunguko. Ile ya nne ilikuwa faili tupu isiyofunguka.

Nilikata vile vipimo vinne, sekunde nane tu, nikavifanya lupu. Niliteremsha sauti ya mtungi nusutoni tano, ukawa na kishindo cha ngoma ya kweli. Nikaviweka katika beti zote tatu. Beti moja lina vipimo kumi na sita, kwa hiyo amejirudia mara kumi na mbili. Hupiga akiwahi kidogo, nywele moja mbele ya pigo, na programu ina uwezo wa kumnyoosha. Mwenzangu wa gitaa alitaka tumnyooshe kwa sababu gitaa lake lilionekana kuchelewa. Tulibishana hadi usiku wa manane. Mwishowe ni gitaa lililorekodiwa upya.

Kiitikio bado kina dramu za yule mtu tusiyemjua. Tulifikiri kuziondoa tukashindwa, kwa sababu lupu ya beti ikiingia kwenye kiitikio wimbo hulegea kama kamba iliyolowa maji.

Nilimtumia wimbo jinsi ulivyo. Akanipigia Jumamosi.

"Kiitikio bado ni kile cha yule jamaa?"

"Bado."

"Anapiga vizuri," akasema. Kisha, baada ya kimya kirefu hata nikadhani laini imekatika: "Msifunge kazi. Naja Agosti. Na wewe uhifadhi, bwana, kila dakika uhifadhi."